Kahawa Ilitusomesha

Mtumishi wa afya wa Kilimanjaro anayetaka shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na hana fedha, hujifunza kalenda za nchi za watu kabla hajajifunza epidemiolojia. Agosti hufunguliwa dirisha la ufadhili wa Chevening wa Uingereza. Kuelekea Oktoba ni zamu ya Jumuiya ya Madola, mpango uliozaliwa 1959, na katika miezi hiyohiyo kozi nyingi zinazofadhiliwa na DAAD ya Ujerumani hufunga maombi. Mwaka ukianza huja mpango wa Japani na Benki ya Dunia. Huyu anataka miaka miwili ya kazi, yule mitatu. DAAD inataka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Na karibu wote wanataka barua za wadhamini na insha ya kujieleza itakayosomwa na mtu ambaye hajawahi kufika Mwanga wala Same. Miaka niliyokaa karibu na jambo hili, kwanza kama mwombaji, kisha kama mtu anayeombwa barua na ushauri, imenifunza kwamba tunaambiana sana namna ya kuupata ufadhili, lakini hatuulizani fedha hiyo inanunua nini. Hoja ninayoitetea hapa ni moja. Fedha ya kumsomesha mtaalamu wa afya ya jamii ni bei ya swali ambalo mahali fulani panahitaji lijibiwe, na mkoa usiochangia hata senti kwenye bei hiyo hauwezi kutegemea kwamba maswali yake ndiyo yatakayoulizwa.

Nianze na jambo linaloitenga fani hii na jirani zake. Daktari anayerudi darasani kusomea upasuaji au magonjwa ya wanawake ana mtu wa kumlipa akimaliza. Hospitali itampandisha cheo, kliniki binafsi za mjini zitamwita jioni, mgonjwa atatoa mfukoni. Anaweza kukopa akijua atarudisha. Aliyesomea afya ya jamii hana mgonjwa. Kazi yake ikifanikiwa, mtoto wa Kahe haharishi, mjamzito wa Rombo anafika kituoni mapema, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba kuna mtu alikesha juu ya takwimu kwa ajili yake. Faida imetawanyika kwa watu wengi mno kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa yake ya kuilipia. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema dawa ya tatizo hili ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, imewafikisha chuoni vijana wengi ambao wasingefika, na mimi si mtu wa kuibeza. Lakini macho yake yako hasa kwenye shahada ya kwanza, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Muuguzi au ofisa afya wa Hai anayefikiria masta mara nyingi bado anakatwa deni la kwanza. Kumbebesha la pili ili asomee kazi ambayo matunda yake yanaliwa na wengine ni kumtoza mtu mmoja kodi ya wilaya nzima.

Watu wakisikia maneno kama “swali la mahali” hudhani ni falsafa. Kwa upande wetu si falsafa hata kidogo, na mfano ulio bora kuliko yote uko Moshi mjini. Kwa miongo mingi mtu aliyefika hospitali za kaskazini mwa Tanzania akiwa na homa alihesabiwa kuwa na malaria hadi ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hakukuwa na wa kuthibitisha vinginevyo. Mwaka 2004 watafiti wa mpango wa pamoja wa malaria uliounganisha hospitali ya KCMC ya Moshi, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha London cha tiba za tropiki walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Zaidi ya nusu walikuwa wakiumwa kitu kingine. Kitu gani? Jibu lilichapishwa 2013, kutokana na wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi kati ya 2007 na 2008. Kwenye mafaili ya 528 kati yao, asilimia 60.7, iliandikwa malaria. Walipopimwa kwa kina, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa watu 14 tu, asilimia 1.6. Wengine wengi walikuwa na bakteria kwenye damu, au chikungunya, au magonjwa yatokayo kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, homa zinazoenezwa na kupe, na brusela, ambao wafugaji wetu wanaujua kwa ng’ombe kutupa mimba.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani huku mlimani, ambako ng’ombe hafungwi mbali bali hukatiwa majani na migomba hatua chache kutoka jikoni, angeweza kuhisi kwamba homa ya mlimani inaweza kuwa imetoka zizini. Kuhisi hakutoshi. Ilihitajika maabara, sampuli za damu zilizochukuliwa mara ya kwanza na kurudiwa baada ya wiki kadhaa, wakusanyaji wa takwimu wenye nidhamu, na watu waliosoma hesabu za magonjwa. KCMC ilifunguliwa Machi 1971. Kutoka hapo hadi jibu la 2013 ni miaka 42, na katika miaka yote hiyo watu waliendelea kufika na homa zao. Fedha ya utafiti ule ilitoka kwa kiasi kikubwa Marekani, tena kupitia dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya maradhi yanayoambatana na UKIMWI. Naomba msomaji alitazame hilo kwa utulivu. Swali la ng’ombe na homa, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kuulizwa na wilaya ya wafugaji wa ndani, lilipata mlipaji kwa sababu liliweza kupita kwenye mlango wa swali jingine. Nawashukuru waliolipa, na nawashukuru zaidi Watanzania na wageni walioliona swali hilo na kulisindikiza. Kinachonisumbua ni maswali ambayo hayakupata mlango wa kupitia.

Sasa turudi kwa mwanafunzi. Dhana iliyoenea ni kwamba gharama ya masta ni ada, hivyo anayelipiwa ada amefadhiliwa. Nimeona vinginevyo kwa miaka mingi. Kinachowaangusha watu ni kazi ya uwandani, ile miezi ya tasnifu. Hapo kuna ada ya kamati ya maadili, kuchapa madodoso, vifaa vya kupimia, posho na nauli za wasaidizi, bodaboda ya kupanda Tarakea au kushuka Ruvu, na siku ambazo mvua inafunga njia na kila mtu bado anapaswa kula. Ufadhili wa nusu, unaolipa ada na kuacha haya, hauachi tu mwanafunzi akihangaika. Unabadilisha kile anachokisoma. Asiye na fedha ya uwandani huchagua swali linaloweza kujibiwa kwa dodoso katika kituo kilicho karibu na lami. Ndiyo maana rafu za maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu za ujuzi, mtazamo na mwenendo: ujuzi wa kina mama kuhusu hiki, mtazamo wa wauguzi kuhusu kile, kliniki ileile, mwaka baada ya mwaka. Wasimamizi wanalijua hili. Wanafunzi wanalijua pia, na wengi huanza na swali zuri kuliko wanalomaliza nalo. Wanaolima miwa na mpunga kwenye tambarare za Moshi, wagumu wanaobeba mizigo ya watalii hadi kwenye baridi ya Kibo, kaya za nyanda kame za Same ambako maji ni safari, hao wote wako mbali na lami, na umbali huo unalipiwa.

Kuna gharama nyingine ambayo hata haihesabiwi. Mtumishi wa umma hawezi kuondoka tu. Lazima awe amethibitishwa kazini, jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, apate ruhusa, na asaini kwamba atarudi kutumikia. Akipata vyote hivyo mshahara unaweza kuendelea, lakini posho za zamu na za safari, ambazo ndizo zilizokuwa zikilipa ada za watoto, zinakatika siku anayoondoka. Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi. Tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wa kigeni wa masta za darasani wasiofadhiliwa na serikali kwenda na mwenzi au watoto, na masta ya afya ya jamii ni ya darasani. Muuguzi mwenye mtoto wa miaka miwili anaweza kushinda ufadhili kamili wa chuo, tiketi na kila kitu, halafu akaukataa, na kwenye takwimu za wafadhili asionekane kuwa amezuiwa na chochote. Wauguzi wa jinsi hii ndio wengi wa watumishi wanaoshika kliniki zetu. Mfumo unaowaacha nyumbani unawaacha wale wanaojua kwa vidole vyao kwa nini chati ya chanjo ya kijiji fulani imepinda.

Sisemi kusoma nje ni kosa. Amsterdam, London, Bergen, Heidelberg zimewapa watu wetu nidhamu ya kufikiri, wenzao wa kubishana nao na majina yanayofungua milango, na mtu akiipata nafasi hiyo leo ningemwambia aende. Nasema tu kwamba hesabu yake iwekwe mezani. Ada peke yake ya mwaka mmoja wa masta ya afya ya jamii katika chuo kikubwa cha London, kwa mtu wa nje, inapita pauni 25,000. Masta ya aina hiyo katika chuo kikuu cha Tanzania inahesabika kwa milioni chache za shilingi. Fedha ya ada ya London ingewasomesha watu kadhaa Moshi na bado ikabaki ya uwandani. Tena Moshi si mahali pa kujionea huruma. Mwaka 2007 mradi wa AfriHealth ulipochapisha ramani ya mafunzo ya juu ya afya ya jamii barani, nchi 29 za Afrika hazikuwa na programu hata moja ya ngazi hiyo. Sisi tunazo Dar es Salaam, kwenye chuo kikuu cha MUHAS, na tunazo chini ya mlima, kwenye chuo cha KCMC, ambako mtu anaweza kusoma afya ya jamii au epidemiolojia na takwimu akiwa umbali wa daladala kutoka kwenye tatizo lenyewe. Shirika la Afya Duniani kupitia programu yake ya TDR liliielewa hesabu hii: tangu 2015 linalipia masta katika vyuo vya ukanda husika, kwa Afrika likianza na vyuo vikuu vya Ghana, Zambia na Wits ya Afrika Kusini. CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa 2008 na kuongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, umefanya hivyo kwa uzamivu. THRiVE, mpango mwingine wa kufundisha watafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Makerere, uliiingiza KCMC moja kwa moja. Kwamba mtu anaweza kufundishwa vizuri hapa si jambo la kubishaniwa tena.

Kinachobishaniwa ni nani alipe, na kwa muda gani. Hapa kumbukumbu ya Moshi ni ndefu na ina mafunzo machungu. Mpango wa Norway wa nafasi za wanafunzi wa nchi zinazoendelea, uliowabeba wengi wa Afrika Mashariki, uliacha kupokea wapya 2016. Mpango wa Marekani wa kuimarisha elimu ya utabibu Afrika, MEPI, ulioifikia KCMC 2010 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke, ulijenga maabara za kompyuta, ulifundisha walimu vijana kufanya utafiti, kisha ukamaliza miaka yake mitano kama ulivyopangwa. Januari 2025 fedha za msaada za Marekani zilisimamishwa kwa amri ya siku moja, na kufikia Julai Mosi ya mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisitisha ule utaratibu wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje kupitia chuo cha Marekani, hadi upatikane mwingine. Uingereza nayo ilitangaza kushusha msaada wake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Hakuna hata moja kati ya maamuzi haya lililofanywa kwa kuangalia kama Kilimanjaro ina wataalamu wa kutosha. Wala hatuwezi kulalamika kwamba tumeonewa: mwenye fedha yake ana haki ya kubadili nia. Kosa letu ni kuipanga kesho yetu kana kwamba hana haki hiyo.

Na sisi ndio watu wa mwisho wanaopaswa kusema haiwezekani. Mlima huu ulijisomesha. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliundwa 1925, na kutoka kwenye mabaki yake ukazaliwa muungano wa ushirika wa KNCU mwaka 1933, jengo lake hadi leo likiwa katikati ya mji. Msimu wa ada ulifuata msimu wa kahawa. Mkulima aliyepeleka gunia lake kwenye chama cha msingi alijua kwamba ndani ya gunia lile mna madaftari, sare na nauli ya mtoto wa kwenda bweni. Serikali ilipotaifisha shule za misheni na kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa ili wengine wafike tulipofika, jambo lililokuwa la haki kitaifa hata kama liliuma, wazazi wa Kilimanjaro hawakukaa. Walichanga na kujenga sekondari zao, vyama vya wazazi na makanisa yakishirikiana. Chuo cha Ushirika, ambacho sasa ni chuo kikuu, kimekuwa Moshi tangu 1963. Kahawa yenyewe ilipata mapigo: vyama vya ushirika vilivunjwa 1976 na KNCU ikarudi 1984, halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliolinda bei ukaanguka na bei ikaanguka nao, hata watu wakang’oa mibuni na kupanda nyanya. Lakini desturi ya kuchanga haikung’olewa. Kila Desemba barabara ya kuja Moshi hujaa watu wetu wanaorudi, na kamati zinazokaa kwa ajili ya harusi na misiba hukusanya fedha kwa utaratibu ambao mhasibu yeyote angeusifu: daftari, ahadi, tarehe ya mwisho, ufuatiliaji wa simu. Uwezo upo. Haujaelekezwa tu upande huu.

Ningependekeza jambo dogo. Mkoa wa Kilimanjaro, wenye watu 1,861,934 kwa sensa ya 2022, una halmashauri saba: Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Kila moja imsomeshe mtumishi wake mmoja wa afya kwa wakati mmoja, ndani ya nchi. Saba tu. Sehemu ya fedha itoke kwenye mapato ya ndani, sehemu kwenye vyama vya ushirika na hospitali za makanisa ambazo nazo zinawahitaji watu hawa, sehemu kwa wale waliosomeshwa na kahawa na sasa wako Dar es Salaam, Dubai au Minnesota. Wanaosema halmashauri haziwezi kutenga fedha kwa kusudi maalumu wakumbuke kwamba tayari sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiki ninachokiomba hakifiki karibu na hapo. Mfuko ulipe ada yote na kazi yote ya uwandani, na mwajiri aendeleze mshahara. Masharti yawe mawili, na yote mawili yawe magumu. La kwanza, swali la tasnifu litoke kwenye meza ya Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake, likubaliwe kabla mwanafunzi hajaanza muhula wa kwanza. La pili, matokeo yasomwe mbele ya Baraza la Madiwani, kwa Kiswahili, na madiwani wapewe nafasi ya kuuliza. Tasnifu iliyolipiwa na kodi ya soko la Himo haiwezi kubaki kwa Kiingereza kwenye rafu. Wazee wetu waliochimba mifongo ya kuleta maji vihambani walikuwa na kanuni ya namna hii: siku ya kusafisha mfongo kila kaya inayokula maji hutoa mtu, na asiyetoa huulizwa.

Pingamizi la kwanza nalijua na nalihofia, kwa sababu linatoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Watasema: zahanati haina dawa, mama anaambiwa aje na glavu zake, na wewe unataka kumpeleka mtu shule? Ningewajibu kwa kurudi kwenye ile hesabu ya homa. Kila mgonjwa aliyepewa dawa ya malaria asiyokuwa nayo alikula dawa iliyokuwa ya mwingine, akalala kitandani siku ambazo hazikumsaidia, na akarudi. Uhaba wa dawa kwa sehemu ni uhaba wa fedha, na kwa sehemu ni uhaba wa mtu anayeweza kukaa na takwimu za wilaya na kusema dawa hii inakwenda mahali pasipo ugonjwa wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inauongeza uzito wa hoja hii: bima huanguka pale ambapo hakuna anayejua watu wanaumwa nini na matibabu yao yanagharimu kiasi gani. Hata hivyo nakubali jambo moja. Halmashauri ikifika mahali pa kuchagua kati ya glavu za mwezi huu na ada ya muhula huu, inunue glavu. Ndiyo maana mfuko usitegemee kifungu kimoja.

Watasema pia: mtasomesha, nao wataondoka. Wengine wataondoka, ni kweli, kwenda miradi mikubwa ya Dar es Salaam au nje. Lakini tazama nani huondoka. Anayesomea nje kwa swali la nje, akirudi, hukuta ofisi isiyolihitaji swali lake; kurudi kwake kunakuwa kutimiza mkataba. Anayesomea wilaya yake, kwa swali ambalo bosi wake analisubiri jibu, akiwa ameishi kwake muda wote na watoto wake wakiwa shule ileile, ana sababu nyingi zaidi za kubaki. Mkataba wa miaka ya utumishi uwepo, kama ulivyo kwa Chevening wanaotaka mtu arudi kwao kwa miaka miwili, lakini nisingeuwekea matumaini yangu yote. Kinachomshikilia mtaalamu ni kazi inayomhitaji. Wilaya ikimrudisha mtu mwenye masta kwenye dawati la kuandika ripoti za semina, hata mnyororo hautamzuia.

Pingamizi la undugu ni zito zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Fedha ya nyumbani hugawiwa na watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani wana wapwa. Fedha ya mgeni ina dosari zake, lakini kamati ya London haimjui shangazi yako. Jibu langu halihusu uaminifu wa watu, linahusu mpangilio. Majina yachambuliwe na chuo, si na halmashauri. Halmashauri ichague swali, chuo kichague mtu kati ya watumishi waliothibitishwa na walioomba. Na orodha yote, waliopata na waliokosa, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kituo cha afya. Kuna watakaokasirika, na hasira yao itakuwa sehemu ya ulinzi wa mfuko.

Limebaki lile ambalo ndugu zetu wa mikoa mingine wangelisema kwa sauti: Kilimanjaro tena? Mkoa uliotangulia kwa misheni, kahawa na shule sasa unataka mfuko wake wa masta, wakati kuna mikoa ambayo mwenye shahada ya uzamili ya afya ya jamii hayupo kabisa? Nalipokea pingamizi hili kama la haki, na limenibadilisha fikra kuhusu umbo la mfuko. Kigezo kisiwe kabila wala mahali mtu alipozaliwa, kiwe mahali anapofanya kazi. Mtumishi wa kutoka Singida aliyepangiwa Hedaru ana haki sawa na mzaliwa wa Machame, na kwa kuwa maradhi yaliyosahaulika yako tambarare zaidi kuliko mlimani, Same na Mwanga zianze. Wala sioni kwa nini jambo hili liishie hapa. Kagera ina kahawa yake, Mtwara ina korosho, Shinyanga ina pamba, na Zanzibar ilikuwa na karafuu kabla wengi wetu hatujaijua kahawa. Sisi tuna chuo karibu na desturi ya kuchanga. Kama hata sisi hatuanzi, hatuna uso wa kuwaambia wengine waanze.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na ni wakati huo ambapo kifungu kipya huweza kuingia au kukosa nafasi kwa mwaka mzima. Kikiingia mwaka huu, nina orodha ya maswali ambayo ningependa kuyaona kwenye meza za waganga wakuu. Maji ya mifongo yanabeba nini yanapofika kaya ya mwisho chini kabisa. Mgumu aliyebeba mizigo kwa miaka 10 ana mgongo na mapafu ya namna gani akifika arobaini. Na katika zahanati ambazo zina kipimo cha haraka cha malaria lakini hazina kipimo kingine chochote, mgonjwa wa homa anayekutwa hana malaria anapewa nini, na wiki mbili baadaye yuko wapi.